Jibu kwa dada anayetaka kubuni nguo za kila mwili kwa mitumba na mabaki

Mdogo wangu, nilisoma swali lako jana usiku, nikalirudia asubuhi kabla sijafungua ofisi. Umesema umemaliza chuo cha ufundi cha VETA, una cherehani moja, na unataka kubuni nguo zako mwenyewe: zenye sanaa, zinazovalika na mtu yeyote, na zisizoongeza takataka. Umeshachora mitindo kumi na miwili ya kupandisha jukwaani. Unauliza uanze na upi, na kama kazi hii inalisha mtu.

Mimi nipo kwenye kazi hii Ilala, Dar es Salaam, tangu 2013, nina mafundi wawili, na inanilisha. Ila hiyo michoro iweke kando kwanza. Tafuta mtu mmoja ambaye nguo za dukani zimemkataa, umshonee mpaka avae asahau kwamba amevaa.

Mwaka 2015 alikuja ofisini kwangu dada anayetumia kiti mwendo. Mdogo wake alikuwa anafanyiwa sendofu, sare ni kitenge cha bluu na njano. Nikampima kama nilivyozoea kumpima kila mtu: bega, kifua, kiuno, nyonga, kiuno hadi kisigino. Nikamshonea gauni refu, limebana hadi magotini kisha likafunguka, zipu mgongoni. Likiwa kwenye henga lilikuwa zuri kweli. Siku ya shughuli alivalishwa na watu wawili, mmoja anamwinua, mwingine anavuta zipu. Alipokaa, kitambaa cha mbele kilijikusanya mapajani kama mto, nyuma kikashuka mgongo ukabaki wazi, na pindo likaingia kwenye tairi likachanika kabla hajafika ukumbini. Wiki iliyofuata alilirudisha limefuliwa na kupigwa pasi, akaniambia kwa upole, "Fundi, umemshonea mtu aliyesimama."

Tulilifumua pamoja, yeye ananielekeza mimi nakata. Niliyojifunza mchana ule ndiyo nashonea hadi leo. Mtu anayekaa kutwa, nyuma yake hurefuka na mbele yake hufupika. Kwa hiyo kiuno cha suruali kipandishwe nyuma na kishushwe mbele. Kwa wateja wangu, tofauti hiyo huwa kama sentimita 8 hadi 12. Miguu ya suruali iongezwe urefu, maana ukikaa inapanda. Mifuko ya nyuma iondoke kabisa, na mishono minene ya jinzi isipite pale anapokalia. Usilichukulie jambo hili kama urembo. Mtu asiyehisi sehemu hiyo hataujua mshono unaomgandamiza mpaka umeshamtia kidonda, na vidonda vya namna hiyo huweza kuchukua miezi kupona. Mifuko ihamie juu ya paja ambako mkono unafika. Koti liwe fupi mbele.

Kila mwili una mambo yake. Baba aliyepata kiharusi anahitaji shati linalofunguka ubavuni kutoka kwapani hadi chini, kwa sababu wakati wa kuvaa mkono dhaifu ndio unaotangulia kuingia, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Vifungo unaweza kuvigeuza sumaku, lakini kwanza uliza kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na ukiambiwa ndiyo, acha sumaku. Mtu mwenye ualbino mtafutie kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kiinue kwenye mwanga: ukiona kinapenyeza kama chekeche, jua nalo litapenya. Mikono ifike kiganjani, kola isimame ifunike shingo. Kofia na krimu ya jua bado atavihitaji, usimdanganye kwamba shati linatosha.

Sasa sanaa, kwa kuwa naona ndiyo inayokuumiza kichwa zaidi. Zipu ndefu ya ubavuni mwa suruali inahitaji kipande cha kitambaa kwa ndani ili isimbane mtu ngozi. Mwanzoni nilikuwa naweka kipande cheusi, nakificha. Siku moja kitambaa cheusi kiliniishia, nikaunga vipande vyembamba vya kanga kuukuu, nyekundu, njano, nyeupe. Mteja alipofungua zipu kidogo, rangi zile zikatokeza kando ya paja lake. Akakataa kuifunga. Leo suruali hiyo inaagizwa na watu wanaotembea kwa miguu yao, hata hawajui ilitokana na nini.

Na kuna kijana asiyeona aliyekuwa anachanganya mashati yake. Nikamtarizia ndani ya kola nukta za uzi mnene: moja shati jeupe, mbili la bluu, tatu la kijani. Baada ya mwezi akarudi kuniuliza kwa nini nimezificha. Alitaka zije kifuani, kubwa, azipapase akiwa kwenye daladala. Nukta zile sasa ndizo alama ya kazi yangu, na sikuzitoa kwenye mchoro wowote. Ninaamini kabisa kwamba ile sehemu ya nguo inayomsaidia mtu ndiyo inayostahili kupambwa kuliko zote. Ukiificha, umemwambia mwenyewe ajifiche.

Kabla hujaenda kutafuta mifano ya mbali, chukua kanga uitazame vizuri. Ina pindo kuzunguka, mji katikati na jina, yaani yale maneno yake, na haina kipimo. Huvaliwa na mwembamba na mnene, mjamzito, aliyetoka kujifungua, bibi mwenye miguu iliyovimba. Haikatwi, kwa hiyo haitoi hata utepe wa kutupa. Mimi huitandika mezani kila ninapokwama. Ila ninayoikata ni ile iliyochakaa tu, na jina silikati katikati.

Malighafi yangu ni mitumba ya Karume na mabaki ya mafundi wa Kariakoo, ambayo mengi yangeishia kutupwa au kuchomwa. Usifungue belo lako mwenyewe mwaka wa kwanza, utazama na mtaji. Nunua kwa wauzaji baada ya wao kuchambua, na uchukue yale wasiyoyataka wao: mashati ya wanaume makubwa mno, jinzi zilizochanika magoti, mashuka yenye doa. Wenzetu wa soko la Gikomba, Nairobi, mzigo wa juu wanauita kamera na wa mwisho fagia. Sisi tunaishi kwenye fagia, na humo kuna pamba nzuri sana. Kuijua pamba, chomoa nyuzi chache uzichome mbali na nguo: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kwa joto letu, na kwa mtu aliyekaa kutwa, poliesta karibu na ngozi ni mateso.

Najua wapo watakaokujia juu kwamba mitumba inaua viwanda vyetu. Hoja hiyo ni ya kweli na mimi siidharau. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Marekani ilipotishia kufunga mlango wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine walilegeza, Rwanda ikashikilia, na 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha huo wa ushuru. Mimi na wewe hatutaimaliza vita hiyo kwa cherehani. Ila tazama anachofanya Bobby Kolade wa Buzigahill kule Kampala: anachukua nguo za soko la Owino, anazikata na kuzishona upya, kisha anaziuza kwenye nchi zilezile zilikotoka, kwa jina la Return to Sender, yaani rudisha kwa aliyetuma. Na Nairobi, KikoRomeo iliyoanzishwa na Ann McCreath mwaka 1996 imekuwa ikitoa nguo zilizopakwa rangi kwa mkono na wasanii. Wote wawili hawakungoja kiwanda.

Kasoro ya mitumba ni kwamba nguo hairudii. Mteja akipenda shati, jingine kama hilo hulipati. Kwa hiyo kinachorudiwa ni mkato. Kata karatasi ngumu, andika kila kipande, weka kwa kila mwili uliowahi kuushonea. Hizo karatasi ndizo mali yangu. Cherehani naweza kununua nyingine.

Batiki niliiacha, nakuambia tu ili usije ukaniiga nilikotoka. Maji ya rangi na kostiki soda nilikuwa namwaga mfereji wa mtaani, watoto wanacheza hapohapo. Rangi za maganda ya vitunguu na shabu zinanitosha kwa vipande vidogo. Bizari ya manjano ni nzuri machoni lakini jua linaifuta.

Hela sasa. Suruali moja ya kukalia naishona kwa jinzi mbili za shilingi 6,000 kila moja, zipu mbili ndefu 3,000, uzi, lastiki na vipande vya kanga 3,000, fundi 15,000, kodi na umeme 5,000. Hiyo ni 38,000. Nauza 65,000. Wapo watakaokuambia ni ghali. Waoneshe mshono wa ndani, na wakishindwa walipe kwa awamu. Bei yangu ni moja kwa miili yote. Kitambaa kinachoongezeka kwa mtu mnene hakifiki 2,000, na nimekigawa kwa wote. Mteja kutajiwa nyongeza kwa sababu ya mwili wake, tena mbele ya watu, ni fedheha ambayo sitaki itokee mlangoni kwangu.

Usiwape watu nguo mali kauli ukiwa bado mchanga. Duka moja la kitalii lilichukua nguo zangu kumi na nne, likakaa nazo miezi saba, likarudisha tisa zimepauka dirishani na fedha za mbili. Nilikosa kodi. Chukua oda, chukua nusu ya malipo, ndipo ukate.

Mteja wa kwanza utampata kupitia vyama vya watu wenye ulemavu, vipo na vina shirikisho lao, SHIVYAWATA. Nenda bila nguo ya kuuza, uliza ni nguo gani wameacha kuvaa na kwa nini. Sikiliza hadi mwisho, andika.

Kisha ukishashona, kabla hujakabidhi, ivae wewe au umpe mwenye mwili unaokaribiana na wake, akae nayo kwenye kiti saa mbili bila kuinuka. Suruali ya juzi tuliirudisha mezani: kichwa cha zipu kilikuwa kinagusa mfupa wa nyonga. Tumekishusha sentimita nne, na mwenyewe anakuja kuijaribu Alhamisi.