Kuizunguka Dar kwa kupanda na kushuka: tulivyofanya mimi, mama na watoto

Mkuu, umeuliza mawili. Kwanza, yale mabasi ya watalii ya ghorofa, yaliyo wazi juu, unakata tiketi moja halafu unapanda na kushuka utakavyo kutwa nzima, yana faida au ni pesa imekwenda bure? Pili, ukija Dar kutoka Mwanza na mkeo na watoto wawili kwa siku tatu, mtalionaje jiji bila likizo kuishia kwenye foleni? Najibu yote, kwa sababu la kwanza ndilo lililonifundisha la pili.

Hayo mabasi niliyapanda Cape Town mwaka 2019. Nilikwenda kwa mafunzo ya kazi, nikabakiwa na siku mbili. Kuna njia nyekundu inayozunguka mjini, inapanda hadi kwenye kituo cha chini cha magari ya kamba ya Table Mountain, kisha inateremkia ufukwe wa Camps Bay. Kuna na ya bluu inayokwenda mbali zaidi, hadi bustani ya Kirstenbosch na Hout Bay. Unavaa spika za masikioni, unachagua lugha, unasimuliwa kila mnapopita.

Siku ya kwanza niliiharibu. Nilikata tiketi saa nane mchana nikiamini ni ya saa 24, kumbe ilikuwa ya tarehe ile tu, na aliyeniuzia hakunieleza. Kwa hiyo popote utakapopanda basi la namna hiyo, uliza kabla hujatoa hela: inahesabiwa saa au inahesabiwa siku? Kisha, kwa kuona nimechelewa, nikawa nashuka kila kituo ili nifidie. Nusu ya muda wangu ikaishia kusimama juani nikisubiri basi linalofuata, na nilikoshuka sikukaa vya kutosha popote.

Siku ya pili nilikata tiketi asubuhi, nikakaa juu, nikazunguka duara zima bila kushuka hata mara moja. Nilipomaliza nilikuwa naijua ramani ya mji kichwani. Mzunguko wa pili nikashuka sehemu mbili tu. Ndiyo siku niliyoiona Cape Town. Jibu langu la swali la kwanza basi ni ndiyo, yana faida, hasa kwa mgeni siku yake ya kwanza, mradi azunguke kwanza, achague baadaye.

Sasa Dar. Disemba 2023 mama alikuja kutoka Songea na watoto wawili wa dada yangu, mmoja miaka 9, mwingine 12. Nakaa Kimara, na gari sina. Nikakumbuka ile siku ya pili ya Cape Town, nikaamua tufanye vilevile kwa mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya jiji. Njia kuu inatoka Kimara hadi Kivukoni, tena kwenye barabara yake yenyewe, kwa hiyo foleni ya Morogoro Road unaitazama tu dirishani. Tofauti kubwa ni kwamba hakuna tiketi ya kutwa. Ukishatoka kituoni, kurudi ndani ni nauli nyingine. Hilo lisikukatishe tamaa, linakulazimisha tu uchague vituo vyako kwa akili.

Tulipandia Kimara Mwisho, kwa sababu huko basi linaanza likiwa tupu na mzee anapata kiti. (Nyinyi mkija na basi la mkoa mtashukia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, si mbali na hapo.) Tuliondoka saa nne asubuhi. Usithubutu saa moja asubuhi na watoto, wala usirudi saa kumi na moja jioni. Saa hizo ni za watu wa kazini, na msongamano wake hauna huruma kwa mtoto wala mzee. Kaeni dirisha la kulia, maana mkishaingia mjini bahari iko upande huo.

Spika za masikioni hatukuwa nazo, tulikuwa na mama. Aliwahi kukaa Ilala akiwa msichana, miaka ya sabini mwanzoni, na tangu tulipotoka Kimara hakunyamaza. Pale Ubungo alitafuta stendi yake ya zamani akakuta barabara za juu. Magomeni akawaonyesha wajukuu upande alikokuwa akija kusukwa. Jangwani akawaeleza jinsi Mto Msimbazi ukifurika unavyolimeza bonde lote, na ni kweli: mkija kipindi cha masika, mvua kubwa ikinyesha sehemu hiyo hufungwa, msiipange safari hii kabisa.

Tulishuka Posta ya Zamani. Hapo miguu ndiyo usafiri wenu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front yako jirani, yote yamejengwa enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19 kuingia ya 20. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Msiipite mbio. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, na ni kumbukumbu ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza: askari, na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yule wa miaka 12 aliyasoma ya Kiswahili kwa sauti, watu wanapita, naye hakujali.

Ndipo nikamwambia kwamba jina Kariakoo limetokana na hao wapagazi. Jeshi la Waingereza liliwaita "Carrier Corps", na kambi yao ilikuwa pale soko lilipo leo. Mama akanishika mkono. Ilala na Kariakoo ni pua na mdomo, alikuwa akienda kununua vitenge pale kila mwisho wa mwezi, na siku zote aliamini ni jina la Kizaramo. Akataka twende siku hiyohiyo. Nilimwomba tusubiri kesho, jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Tulikwenda Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea yenye miti ya tangu enzi za Wajerumani. Kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolivumbua Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na magari ya zamani ya viongozi ambayo watoto waliyang'ang'ania. Saa mbili zinatosha. Kisha tukateremka Feri, tukala samaki wa kukaanga, tukapanda pantoni (kivuko) kwenda Kigamboni ng'ambo ya maji na kurudi. Nauli ilikuwa shilingi 200 kwa mtu mzima, dakika chache tu majini, na watoto hadi leo wakinipigia simu wanaiulizia hiyo pantoni kabla ya kuniulizia mimi. Kama una muda wa kitu kimoja tu Dar na watoto, ni hicho.

Kesho yake tulipanda basi la Kimara kwenda Gerezani, tukashukia Msimbazi Polisi. Soko kuu la Kariakoo, lile alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, liliungua Julai 2021 na tulipofika lilikuwa bado kwenye ujenzi. Mama alizunguka pembeni ya uzio akitafuta lilipokuwa duka lake la vitenge. Hakuliona. Alinunua kitenge kwa mmachinga aliyekuwa karibu na pale alipokadiria, hakuomba hata kupunguziwa bei.

Siku ya tatu kwenu naipendekeza Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Mwendokasi hadi Morocco, kisha daladala za kwenda Makumbusho. Kuna nyumba za asili za makabila, msonge wa Wahaya na nyinginezo, na mkibahatika mtakuta ngoma. Jioni malizieni Coco Beach kwa mihogo. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viacheni safari nyingine, kisiwa kinataka siku yake peke yake.

Bebeni maji na kofia, hela ndogondogo za pantoni, na simu kaeni nazo mfuko wa mbele mkiwa Kariakoo. Na kama kuna mzee wa familia aliyewahi kuishi Dar, mlipieni nauli aje nanyi, mkampe kiti cha dirishani.