Binti Aliyelelewa kwa Mjomba

Ukiwa umekulia kwa ndugu, una tabia ambazo watu wanazisifia bila kujua zilikotoka. Husumbui. Huchagui chakula. Geti likigongwa, unajua kwa mlio tu kama anayeingia karudi na hasira. Mimi nilisifiwa kwa adabu, nikadhani ndivyo nilivyoumbwa, mpaka nilipopanga chumba changu na kujikuta nadeki Jumapili alfajiri, wala hakuna wa kunikagua.

Upande wa mama sisi ni Waluguru wa Morogoro. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ya ukoo inapitia huko huko, na mjomba ana sauti kubwa. Kwa hiyo nilipoletwa Dar es Salaam kusoma sekondari, mjomba hakujiona anatoa msaada. Alikuwa amemchukua mwanawe. Mkaza mjomba ni Mchagga, na kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwake nilikuwa mtoto wa wifi. Hakuwa na roho mbaya, nisimsingizie. Ila akipakua nyama alianza na wanawe, nami nikazoea kusema "nimeshiba" kabla sijaulizwa.

Hiyo "nimeshiba" nimeisema hata ukubwani. Kazini, mshahara ulipojadiliwa. Kwa mchumba, aliponiuliza harusi niitakeje.

Kama nawe ni hivyo, usikimbilie kumlaumu mtu. Kaa na mama mkubwa au mzee yeyote anayejua habari, umuulize ulipelekwaje, nani alikubali na nani alinyamaza. Mimi ndipo nilipojua kuwa mkaza mjomba hakuulizwa kabisa. Alirudi kutoka sokoni akanikuta na begi langu. Kisha anza na madogo: mkienda kula, taja unachotaka wewe kwanza. Mwanzoni utaona aibu kama umeiba.

Nanyi mnaolea watoto wa ndugu: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza ubaguzi, lakini sheria haiingii jikoni kupakua. Mpeni binti ufunguo wa nyumba. Mgombezeni kama mnavyowagombeza wenu, maana mtoto asiyegombezwa anajua kabisa kuwa bado ni mgeni. Na siku akisema ugali hautaki, msianze kumhesabia ada mlizomlipia.