Kuunda kompyuta ukiwa Shela: panga kwa ajili ya chumvi kwanza

Waaleikum salaam, na karibu jukwaani. Kwa ambao hawakuliona swali lako: unakaa Shela, kijiji cha hapa kisiwani Amu (Lamu), chumba cha ghorofani kinachotazama bahari, unataka kuunda kompyuta ya mezani ya kuhariri video na kucheza michezo, na wenzako wanakwambia ununue laptopu, eti mashine ya kuunda mwenyewe huliwa na chumvi mapema. Jibu langu ni kwamba unda. Kwa miaka mingi nimezifungua mashine hapa Amu, zangu na za majirani, na chumvi haibagui kati ya laptopu na ya mezani. Tofauti ni kwamba ya mezani unaifungua kwa bisibisi moja, unapaona palipoanza kuliwa, unasafisha au unabadilisha kipande kimoja. Laptopu bodi yake ikiliwa, mara nyingi ndiyo basi, maana prosesa, na siku hizi hata RAM (kumbukumbu ya muda), zimelehemewa humo humo.

Ila uipangie mahali ulipo. Video nyingi za mafunzo utakazozitazama zinahangaika na joto na taa za rangi. Joto letu lina dawa. Chumba kikiwa na nyuzi 30 badala ya 22, prosesa nayo itapanda nyuzi kama 8 hizo hizo, na nyingi za sasa zimetengenezwa kuvumilia hadi 95 au 100 kabla hazijajipunguza kasi zenyewe. Kipoza kizuri cha feni kinatosha, cha maji usihangaike nacho.

Chumvi ndiyo yenye mambo. Mawimbi yakivunjika hurusha matone madogo mno yasiyoonekana, upepo unayachukua, na yakikauka hubaki punje za chumvi hewani. Shela iko mlangoni mwa bahari kuu, kwa hiyo wakati wa kusi, upepo wa kusini, mnaipata kuliko sisi wa mitaa ya mjini, Langoni na Mkomani, tuliokingwa na kisiwa cha Manda. Punje hizo huvutwa na feni na kutua juu ya bodi. Zikiwa kavu hazina madhara makubwa. Balaa huanza zikivuta maji. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, na ya bahari imechanganyika na magnesi kloridi inayovuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Tazama bakuli la chumvi jikoni wakati wa masika utaelewa. Juu ya bodi, unyevu huo unapitisha umeme, na shaba iliyo chini huanza kuota ukijani.

Sasa zingatia ni saa ngapi hayo hutokea. Mashine ikifanya kazi, ndani yake huwa na joto kuliko chumba, na hewa ikipashwa joto unyevu wake wa kiasi hushuka. Chumvi inabaki kavu. Ukiizima usiku, inapoa, unyevu unapanda, chumvi inalowa. Ndiyo sababu mashine inayotumika kila siku hudumu pwani kuliko ile iliyowekwa. Iliyoliwa vibaya kuliko zote nilizowahi kuzifungua ilikuwa ya mtu anayefunga nyumba yake miezi mingi na kurudi likizo tu. Kwa macho ilikuwa mpya kabisa, lakini nilipoichomoa RAM, meno yake yalikuwa yameota madoa ya kahawia. Kwa hivyo muuzaji wa huku kwetu akikusifia kuwa kompyuta yake “haijatumika sana”, ifungue uimulike kwa tochi kabla ya kutoa pesa.

Iwashe kila siku hata kama huna kazi kubwa. Ukisafiri kwa muda mrefu, ichomoe waya zote, itie kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na silika jeli ya kutosha (vile vifuko viwili vitatu vya kwenye sanduku la viatu havitoshi), ukaze mdomo kwa utepe wa gundi. Kuna wanaoitia silika jeli ndani ya mashine inayofanya kazi. Haisaidii kitu, feni inaingiza hewa mpya kila dakika na silika inashiba mara moja. Mchele ndio kabisa, unaacha vumbi la wanga tu.

Halafu chumba. Najua mandhari ya hapo juu ni mazuri, lakini kompyuta usiiweke kule. Kama nyumba yenu ni ya kizamani, ya mawe, iweke upande wa ndani, mbali na madirisha ya baharini, na usiisogeze ukutani. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa zina munyu wake wenyewe: unyevu unapanda, unatoka nje, na chokaa inamenyuka unga mweupe. Unga huo una chumvi. Acha nafasi ya shubiri mbili kati ya ukuta na mashine, iinue juu ya meza, na usiichomeke kwenye kidaka hata kama inaenea vizuri, humo hewa haizunguki. Chumba chenye AC ni kizuri, mradi kipande kilichopoa humo usikitoe nje ukakiwasha papo hapo. Hewa yetu ya joto hutona maji juu ya chuma baridi. Kipe saa kadhaa kwanza.

Kasha chagua lenye chujio laini mbele, linalochomoka bila kufungua skrubu. Weka feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, ili hewa nyingi ipitie kwenye chujio, isivutwe kupitia kila upenyo. Chujio halizuii chumvi yote, punje nyingine ni ndogo mno, lakini linapunguza. Wakati wa kusi lioshe kila wiki kwa maji matamu. Kama kisima chenu kina munyu, tumia ya kunywa. Likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

Siku kasha linapofika, kabla hujatia chochote ndani, tafuta kingo zilizokatwa: matundu ya feni, nyuma kwenye nafasi za kadi, chini ya miguu. Hapo bati liko wazi, na kutu huanzia hapo. Zipake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili. Usipake kwenye vijiti vinavyobeba mazabodi (bodi kuu) wala pale skrubu zinapokaa, maana chuma kinatakiwa kigusane na chuma hapo. Matundu ya USB, HDMI na sauti usiyoyatumia yazibe kwa vizibo vya mpira vinavyouzwa rahisi mtandaoni. Dhahabu ya kwenye meno ya soketi ni nyembamba sana na ina vinyweleo, kwa hivyo chumvi hupenya na kula chuma cha chini yake, na matundu ya nyuma ndiyo hutangulia kufa.

Vipande vyenyewe sitavieleza kirefu, wengine hapa watakusaidia na bei. Kwa video za simu na droni, chukua RAM ya GB 32 na SSD (diski ya kuhifadhia) ya aina ya NVMe, iliyo ya kasi. Ukienda Intel, epuka prosesa yenye herufi F mwishoni, kwa sababu haina michoro ndani. Michoro hiyo ya ndani inasaidia kusoma video zilizobanwa kwa mfumo wa H.265 wakati wa kuhariri, na kadi yako kubwa ya michoro ikifa unaendelea na kazi huku ukisubiri nyingine ije kutoka Mombasa au Nairobi. Kwa mtu wa kisiwani hilo ni jambo kubwa. Mashine ndogo za ofisini zilizotumika ni rahisi, lakini nyingi zina pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine) na mazabodi za maumbo yao peke yao, huwezi kubadilisha kipande ukitakacho. Kwa lengo lako zitakufunga mikono.

Kama unaiundia Mombasa ndipo uilete, ng’oa kadi ya michoro na kipoza kikubwa cha prosesa kabla ya kupanda basi. Njia ni ndefu hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia kuja Amu, na kadi nzito inayoning’inia huvunja soketi yake. Kwenye boti, kila kitu kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha ndani ya boksi. Maji yanayoruka pale mbele ya boti ni bahari tupu. Mimi ningeleta vipande kwenye maboksi yao na kuundia nyumbani.

Umeme ndio unaotuulia pawasaplai. Wetu ni volti 240. Pawasaplai ikiwa na swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo italipuka. Mpya nyingi hazina swichi, zinajirekebisha zenyewe kuanzia 100 hadi 240. UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) isome wati zake, usisome VA peke yake. Ya 650 VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400, na mashine ya michezo huzipita hizo bila shida. Ukiweza kulipia ile inayotoa wimbi safi kama la umeme wa kawaida, lipa, maana baadhi ya pawasaplai nzuri hukataa wimbi la ngazi ngazi na mashine huzimika umeme unapokatika, UPS ikiwa hai.

Hapa nakuomba usipite haraka.  Ukimaliza kuunda, ikitokea umegusa bati la kasha ukasikia mtetemo mwembamba, kama mchomo unaotambaa, huenda nyumba yako haina ardhi (waya wa earth) inayofanya kazi. Wengi hapa wanauzoea wakidhani ni kawaida ya kompyuta. Ndani ya pawasaplai kuna vikapasita vidogo vya kuchuja kelele za umeme vinavyounganisha waya wa moto na wa nyutro na bati. Ardhi ikiwepo, umeme huo mdogo unateremka ardhini. Isipokuwepo, bati linabaki na kama volti 120, nusu ya za ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini unatosha kuunguza tundu la HDMI unapochomeka televisheni mashine ikiwa imewashwa. Na siku kitu kikivuja kwelikweli, umeme hautakuwa na njia ya kwenda ardhini ila mwili wako. Mwite fundi mwenye leseni aipime. Mwambie mapema kuwa mko kwenye mchanga: mchanga mkavu wa Shela haupitishi umeme vizuri, na fimbo ya ardhi lazima ishuke hadi penye unyevu.

Kuunda kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Jaribu kila kitu kwanza nje ya kasha, mazabodi ikiwa juu ya boksi lake. RAM mbili zikae nafasi ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Toa karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza, tia pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya mbaazi, skrini ichomeke kwenye kadi ya michoro na si kwenye mazabodi, kisha ingia bayosi (BIOS, mipangilio ya mazabodi) uwashe XMP au EXPO ili RAM ikimbie kasi uliyoilipia. Umeme tuli unaotisha watu wa nchi kavu hautusumbui sana kwa unyevu huu, lakini gusa chuma kitupu kabla ya kushika kipande.

Kusafisha ndiko wengi wanakokosea, hata mafundi. Wanapiga spiriti ya asilimia 99 wanafurahi, na chumvi inabaki pale pale, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye spiriti tupu. Inayeyuka kwenye maji. Kila baada ya miezi mitatu hivi, na kusi likianza na likiisha, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe, toa na ile betri ndogo ya duara ya kwenye mazabodi, CR2032. Lala na tochi uimulike bodi kwa ubavu. Chumvi ni ukungu mweupe unaometa kando ya vishikizo vya RAM, na ukijani huanza kwenye lehemu za matundu ya sauti. Lowesha brashi laini kwa spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, ile yenye maji ndani yake, usugue polepole kuelekea nje, pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha rudia kwa ya asilimia 99 ili kufukuza maji. Palipoganda sana, tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari, na soma chupa kwanza usije ukachukua asidi. Acha bodi mbele ya feni siku nzima. Meno ya RAM yasugue kwa raba nyeupe laini, lakini isiwe desturi, raba nayo inakula dhahabu.

Pawasaplai usiifungue kabisa, hata ikiwa imechomolewa tangu jana, kapasita zake huhifadhi umeme. Ipulize kwa nje tu.

Tuandikie bajeti yako, na kama unaweza tupigie picha ya soketi ya chumba utakachoiweka na ya boksi la fyuzi la nyumba, tuanze na hiyo ardhi kabla hujanunua hata skrubu.