Shukrani Mbele ya Watu Wote

Mhariri,

Mliuliza juma hili kama kumshukuru Mungu ni siri kati ya Mkristo na Mola wake, au ni jambo la kutamkwa mbele ya watu, kazini, sokoni na hata katika shughuli za serikali. Naandika kutoka Malindi, nikiwa mkunga mstaafu na mshirika wa Kanisa la Kianglikana. Naamini kwa moyo wote kwamba shukrani hutamkwa hadharani, lakini kwa sharti ambalo naliona likisahauliwa mno, nalo ni kwamba anayeshukuru amtazame kwanza aliye kando yake, na maneno yake yamwachie mtu huyo nafasi.

Mwalimu wangu katika jambo hili ni Mtume Paulo akiwa chomboni, katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Sisi tunaokaa pwani tunaisoma sura hiyo kwa hofu ya watu wanaoijua bahari, kwa maana tumeona jinsi mashua zinavyobaki juu ya mchanga wakati kusi inapovuma kwa nguvu. Paulo alikuwa mfungwa anayepelekwa Rumi, akiwa pamoja na askari, mabaharia na wafungwa wengine, jumla yao watu 276, ambao wengi wao bila shaka hawakumjua Mungu wake. Siku ya kumi na nne ya dhoruba, kulipokuwa kunapambazuka, aliwasihi wote wale chakula, kwa kuwa walikuwa wamekaa muda huo wote bila kula. Kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Wakachangamka, nao wakala. Hatusomi kwamba alihubiri wakati ule, wala kwamba alimlazimisha askari yeyote kuitikia amina. Merikebu yenyewe ilikuwa bado haijaokoka, na asubuhi ile ile ilivunjika. Paulo alishukuru kwa ajili ya mkate uliokuwa mkononi mwake. Tena alishukuru akiwa ameahidiwa kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye, kwa hiyo hakuna hata mmoja mle chomboni aliyesimama nje ya shukrani ile.

Siwezi kuandika habari za imani hadharani nikiwa Malindi kisha nikaipita Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ulio ndani ya kaunti yetu, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kufundishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Watoto walikuwamo. Miili ililetwa katika mji wetu, na jamaa walikuja kutoka pande zote za nchi kutafuta watu wao. Tangu wakati huo, Mkristo akianza kulitaja jina la Mungu ndani ya tuktuk, wako abiria wanaogeuza uso, nami siwalaumu. Wako pia Wakristo wenzangu waliohitimisha kwamba sasa ni heshima zaidi kunyamaza na kuirudisha imani ndani ya nyumba.

Mimi naona kinyume chake. Mafundisho yale yalistawi mafichoni, mbali na majirani, yakiwakataza watu shule na hospitali, mahali ambapo mtu mwingine angemwona mtoto na kuuliza kwa nini amekonda hivi. Imani inayotamkwa mbele ya wote hukubali pia kuulizwa na wote. Zaidi ya hayo, sala fupi tunayoisema juu ya sahani ya sima na mchicha ni ungamo la imani lenye uzito, kwa kuwa tunakiri kwamba mwili huu ni wa Mungu, kwamba njaa yake si adui wa roho, na kwamba chakula ni kipawa kisichopaswa kukataliwa. Mtu anayemshukuru Mungu kwa dhati kwa ajili ya chakula hawezi kumwondolea mtoto sahani kwa jina la Mungu huyo huyo. Paulo aliwakuta watu wenye njaa ya siku kumi na nne, naye akawaambia wale.

Sasa nirudi kwenye lile sharti nililolitaja, ambalo nilijifunza katika wodi ya uzazi ya hospitali moja ya serikali hapa Pwani. Wodi ya uzazi ndiyo mahali pa shukrani kuliko makanisa mengi niliyowahi kuingia. Mama wa Kiislamu husema Alhamdulillahi, mama wa Kikristo husema Bwana asifiwe, na watoto hutoka pale wakiwa na majina ya Neema, Baraka, Zawadi na Rehema, hata usiweze kujua kwa jina peke yake mtoto ni wa dini gani. Lakini kila mkunga anajua kwamba vitanda vimekaribiana, na kwamba usiku ambao kitanda kimoja kinapigiwa vigelegele, kitanda cha pili huenda kina mama aliyejifunika shuka hadi kichwani kwa sababu mtoto wake hakulia.

Namkumbuka bibi mmoja Mgiriama aliyekuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa amejaa furaha, na alipoambiwa taratibu habari za mama wa kitanda cha jirani, sikumwona akiificha furaha hiyo wala kuimimina ovyo. Alimshukuru Mungu kwa sauti iliyosikika, na katika sala ile ile akamwombea yule mama mwingine, bila kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, na bila kumwahidi mtoto mwingine. Kisha akafungua chupa ya uji aliyokuwa amemletea bintiye, akammiminia kwanza yule aliyefiwa. Nimesikia mahubiri mengi mazuri juu ya shukrani, lakini hilo ndilo ninalolishika.

Ndiyo maana kuna maneno yaliyozoeleka katika sala zetu ambayo ningependa tuyafikirie upya. Mikutano mingi, ya kanisani, ya shule na ya vyama vya akina mama, hufunguliwa kwa kusema: tunakushukuru kwa kuwa wengi walitamani kuiona siku ya leo lakini hawakuiona. Anayeomba hukimbilia kuongeza kwamba si kwa sababu sisi ni wema kuliko wao, na nyongeza hiyo inaonyesha kwamba hata yeye amehisi maneno yamekaa vibaya. Yasikilizeni kwa masikio ya mtu aliyezika Jumamosi na leo ni Jumatatu. Katika Luka 18 Farisayo naye alianza kwa kusema, Ee Mungu, nakushukuru, na kosa lake ni kwamba shukrani yake ilihitaji mtu mwingine awe chini ili yeye awe juu. Sisemi kwamba ndugu zetu wanaoomba hivyo ni Mafarisayo. Nasema tu kwamba uhai wetu unaweza kushukuriwa bila kuwekwa kwenye mizani pamoja na kifo cha wengine.

Kuna upungufu wa pili, nao unaniuma kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Watu husimama kanisani kushuhudia kwamba Mungu amewaponya, na ushuhuda ukamalizika bila kumtaja mtu yeyote aliyechangia damu, aliyekesha, au aliyeuza mbuzi ili nauli ipatikane. Wale wakoma kumi katika Luka 17 walipona wote, na aliyerudi kumshukuru Yesu uso kwa uso alikuwa Msamaria, mgeni. Majirani zetu Waislamu wana hadithi ya Mtume wao isemayo kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, nami nimeisikia kwa wauguzi wenzangu mara nyingi kiasi kwamba naona aibu tunapoikosa sisi wenye kisa cha Msamaria. Kuishi na majirani hao ni neema nyingine. Mwaka 1542 padre Francis Xavier alipopita Malindi akielekea India, mmoja wa wakubwa wa mji, Mwislamu, alimwuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu na kama wanasali kwa bidii. Swali hilo bado linaulizwa hapa kimya kimya, kila siku, na watu wanaotuona tukipima nyama, tukilipa vibarua na tukiwajibu watoto wetu.

Kuhusu shughuli za serikali nitasema kwa ufupi. Wimbo wetu wa taifa ni sala tangu mstari wake wa kwanza, na sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, huko Mto Tana, kwa majirani zetu wa kaskazini. Katiba ya mwaka 2010 inaanza kwa kuutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu wa viumbe vyote, kisha katika ibara ya 8 inasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Naona hekima katika kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Ofisa Mkristo anaweza kumshukuru Mungu mbele ya wenzake kwa jina la Yesu bila kuficha, mradi sala isigeuke kuwa ada ambayo mwananchi anailipa ili ahudumiwe, wala kuwa ngazi ya kupandia vyeo.

Linalonisumbua ni zile ibada za shukrani za wanasiasa. Hapa Malindi tuna nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, na juu yake upo msalaba wenye nembo ya Ureno. Siwezi kuutazama bila kufikiri jinsi ilivyo rahisi alama ya Mwokozi kufanywa muhuri wa mtawala. Mtu akichaguliwa, huja kanisani na msafara, hupewa kipaza sauti, huanza na shukrani kwa Mungu na humalizia kwa kuwashambulia wapinzani, kisha bahasha hutajwa kwa kiasi chake. Nilifurahi Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipotangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena katika ibada za Kanisa la Kianglikana, na nilifurahi tena Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipotangaza kuzirudisha fedha alizotoa Rais katika parokia ya Soweto. Kiongozi aje ashukuru, kwa kuwa naye ni kiumbe cha Mungu. Aketi kwenye benchi, atie sadaka yake kapuni kama yule mjane wa Marko 12, na aende nyumbani bila kuhutubia.

Lililo karibu zaidi na uwezo wetu ni sikukuu ya mavuno. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na washirika kutoka sehemu kavu za Magarini na Ganze walileta madhabahuni walichonacho, wengine bila kitu. Tuliwasomea Habakuki, kwamba ijapokuwa mtini hauchanui maua, atamfurahia Bwana. Ni maneno matakatifu, lakini yanafaa kusomwa na mwenye shamba lililokauka. Mwenye ghala lililojaa akimsomea mwenzake anapaswa kusoma pia Kumbukumbu la Torati 26, ambapo kapu la malimbuko likishawekwa mbele za Bwana, Mlawi na mgeni hufurahi pamoja na mwenye shamba.

Kwetu, baada ya ibada, mazao hupigwa mnada, na wenye fedha hununua kuku na nazi kwa bei ya juu kwa ajili ya kanisa. Nimependekeza kwa kamati yetu kwamba mwaka huu, kabla mnada haujaanza, sehemu ya mazao itengwe kwa ajili ya nyumba zisizovuna, za Wakristo na za Waislamu bila kuuliza, na ipelekwe jioni bila picha wala matangazo. Wajumbe wengine wanasema mapato ya mnada yatapungua. Yatapungua kweli, na paa la jumba la mikutano huenda likasubiri mwaka mwingine. Mimi bado naomba tufanye hivyo.