Kinga ya mwili ikigeukia ubongo: maswali yenu ya wiki hii

*Nina miaka 34, nina baridi yabisi. Siku hizi nasahau hata maneno ya kawaida, nachoka tu. Ndo uzee?*

Uzee gani na miaka 34! Ile inflamesheni ya kwenye viungo, yani moto unaowaka kinga ya mwili ikishambulia viungo vyako yenyewe, haikai hukohuko, inamwaga saitokaini kwenye damu, yani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari, na habari zinafika ubongoni, nyingine kupitia neva ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na viungo vya ndani kama moyo na tumbo. Ubongo unajibu kama vile una homa: hamu inaisha, usingizi unaharibika, akili inakuwa nzito. Wagonjwa wa homa ya ini aina C waliokuwa wakichomwa interferoni, ambayo nayo ni saitokaini, wengi waliingia kwenye sonona wakiwa kwenye dozi. Kwa hiyo sio uvivu. Ila mwambie daktari akucheki damu na tezi ya shingoni (thairoidi) pia, maana upungufu wa damu nao unachosha hivyohivyo.

*CRP yangu iko juu, ina maana ubongo umevimba?*

Hapana. CRP ni protini ya kwenye damu inayotengenezwa na ini, inakwambia kuna moto mahali, haikwambii chumba gani.

*Dada yangu alianza kusikia sauti, mara akaanguka kifafa. Tulijua ni kichaa, daktari anasema ni kinga ya mwili. Kweli?*

Inawezekana kabisa. Kuna ugonjwa ambao Josep Dalmau na wenzake waliueleza mwaka 2007, kingamwili zinakamata risepta za NMDA, yani vipokezi ambavyo seli za ubongo hutumia kupokea ujumbe, mpaka vipokezi hivyo vinapungua, na mtu anaanza kuona vitu, anaropoka, kisha kifafa, mdomo na mikono vinacheza vyenyewe. Wanawake vijana ndo wanaupata zaidi, na baadhi yao chanzo ni uvimbe kwenye ovari wenye tishu za ubongo ndani yake (ndio, ubongo kwenye ovari, hata mimi nilisoma mara mbili). Kipimo muhimu ni maji ya uti wa mgongo, MRI inaweza kutoka safi kabisa wakati mtu yuko hoi. Wanatoa uvimbe kama upo, wanampa mgonjwa steroidi, yani dawa za kutuliza kinga, wanachuja plazma, yani maji ya damu, kuondoa hizo kingamwili. Wengi wanapona, ila ni miezi, msimkimbize.

*Steroidi zinaninyima usingizi na nakuwa mkali. Niache?*

Usiache ghafla!! Tezi zako za adrenali zimeshazoea kupumzika, ukikata tu unaweza kuzimia. Uliza kama unaweza kumeza asubuhi, na dozi ishushwe kidogokidogo na aliyekuandikia.