Petroli inadondoka kwenye kabureta: msizibe mpira

SWALI: Jambo, Papa fundi. Mimi ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa Ndosho, hapa Goma. Miezi miwili iliyopita pikipiki yangu ya 125 ilianza kudondosha petroli kupitia mpira mdogo unaoning'inia chini ya kabureta, hasa usiku ninapoilaza sebuleni kwa kuogopa wezi. Fundi mmoja wa kando ya barabara alichomeka skrubu kwenye ncha ya mpira huo, na matone yakakoma. Sasa asubuhi kiki inakuwa ngumu kana kwamba imegonga jiwe, injini ikiwaka inatoa moshi mweusi, na oili inanuka petroli na imepanda kupita alama ingawa sijaiongeza. Nimeambiwa pistoni imekwisha na injini yote ifunguliwe. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu motari, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, funga robine ya tangi (kile kifungio cha petroli), uing'oe skrubu hiyo, na usipige kiki tena mpaka ufanye nitakayokueleza. Dalili ulizozitaja hazionyeshi kwamba pistoni imekwisha. Zinaonyesha kwamba injini yako inazamishwa na petroli iliyozibiwa njia yake ya kutokea.

Chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kuna bakuli dogo linalopokea petroli kutoka kwenye tangi. Ndani yake mna boya, na boya hilo linapopanda pamoja na mafuta linaisukuma sindano fupi iingie kwenye tundu lake na kufunga njia. Petroli ikipungua, boya hushuka, sindano huachia, na mafuta huingia tena. Humo humo bakulini kuna kijibomba kilichosimama wima, ambacho ncha yake iko juu kidogo ya kimo cha kawaida cha petroli. Sindano ikishindwa kufunga, mafuta hupanda mpaka ncha hiyo, huingia ndani yake na kutokea chini kwenye ule mpira. Kwa hiyo matone uliyoyaona yalikuwa taarifa ya ugonjwa. Mpira ulipozibwa, petroli iliendelea kupanda, ikapita kwenye njia ya hewa hadi ndani ya silinda, kisha ikachuruzika kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili.

Ndiyo maana kiki inagoma. Hewa hukubali kugandamizwa, lakini petroli haikubali, na pistoni inayokutana na mafuta juu yake haina mahali pa kwenda. Ukiilazimisha kwa kusukuma pikipiki mteremkoni, mkono wa pistoni unaweza kupinda, na hapo ndipo utakapohitaji kweli kufungua injini. Toa buji (plagi ya kuwashia), zima swichi, weka kofia ya buji mbali na tundu, funika tundu hilo kwa kitambaa, kisha bonyeza kiki polepole mpaka mafuta yote yatoke. Ufanye hivyo nje ya nyumba. Halafu mwaga oili yote, hata kama uliibadilisha juzi, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji na haiwezi tena kuzilinda bearingi wala gia. Usiwashe injini hata kwa dakika moja kabla ya kuweka oili mpya kwa kiasi kinachotakiwa.

Sasa tuingie kwenye kabureta yenyewe. Huenda ugonjwa ukapona bila kufungua kitu kikubwa. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia mafuta. Ilegeze huku umekinga chupa nyeupe, na uangalie kinachotoka. Maji yatakaa chini ya chupa kama ushanga, na mara nyingi utaona chembe nyeusi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na vumbi la lava huingia kila mahali, pamoja na kwenye bidoni tunazonunulia mafuta barabarani. Chembe moja ndogo kuliko punje ya ulezi inatosha kuizuia sindano isifunge. Skrubu ikiwa bado imelegea, fungua robine kwa sekunde chache ili mafuta yasafishe njia, kisha kaza skrubu na ugonge ubavu wa bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Weka karatasi kavu chini ya mpira na usubiri nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, ilikuwa taka tu.

Ikilowa, fungua bakuli. Tumia bisibisi inayoingia sawasawa, kwa maana skrubu hizo ni laini na vichwa vyake huharibika upesi. Vuta pini inayoshikilia boya, na sindano itatoka pamoja nalo. Majuma machache yaliyopita kijana mmoja wa Katindo aliniletea sindano ambayo yeye aliiona nzima kabisa. Nilipoielekeza kwenye mwanga wa mlango, niliona mfereji mwembamba kama uzi umezunguka ncha yake ya mpira. Mfereji huo ndio ulioruhusu mafuta kupita. Unatokana na sindano kugongagonga tundu lake, na barabara za mawe kama zetu huharakisha jambo hilo. Sindano ya namna hiyo hainolewi wala haipigwi msasa, hubadilishwa. Nenda nayo dukani, uilaze kando ya mpya na ulinganishe urefu na unene, kwa kuwa sindano ndefu kidogo tu hubadilisha kimo cha mafuta.

Tundu la sindano lisafishe kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti na kuloweshwa petroli. Nakusihi usiingize msumari wala waya, kwa sababu mkwaruzo mmoja huko ndani hauponi, na katika kabureta nyingi za pikipiki zetu tundu hilo limepachikwa moja kwa moja, halitoki. Boya nalo litikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limetoboka na haliwezi kuelea tena. Ukimaliza, rudisha sindano na boya, pindua kabureta ili uzito wa boya uifunge sindano, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira safi uliouchomeka mahali pa kuingilia mafuta. Pumzi isipite hata kidogo.

Kuna kasoro moja ambayo mafundi wengi hawaioni, na imewafanya watu wanunue sindano tatu bure. Kile kijibomba cha ndani ya bakuli huweza kupata ufa chini kwenye shina lake. Jaza bakuli petroli likiwa peke yake mkononi, mpaka chini kidogo ya ncha ya kijibomba. Likidondosha, ufa upo, na bakuli ndilo la kubadilisha.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu sebule. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hautoki dirishani, bali hutambaa sakafuni hadi uikute mbabula, jiko la makaa, ambayo mama watoto ameiacha na moto. Kama huna budi kuilaza pikipiki ndani, funga robine kila jioni bila kusahau, na mbabula ikae nje mpaka kuche. Pikipiki inayodondosha isilale walipo watoto, hata usiku mmoja.

SWALI: Salamu, Papa. Nina pikipiki ninayompa kijana aendeshe hapa Bukavu. Ikiwa tambarare haidondoshi chochote, lakini tukiiegemeza kwenye stendi ya pembeni katika mteremko wa Kadutu, petroli inatoka. Pia, baada ya bakuli kufunguliwa, gasketi yake, ule mpira wa kuziba maungio, imekataa kurudi mahali pake. Tufanye nini? — Mama mwenye pikipiki

JIBU: Mama, pikipiki ikilala upande, kimo cha mafuta bakulini hulala pia, na upande mmoja hufikia ncha ya kijibomba. Mteremko mkali unaweza kusababisha hilo hata kwa kabureta nzima, kwa hiyo kwanza mwambie kijana atumie stendi ya kati na afunge robine. Ikiwa inadondosha hata kwa mwinamo mdogo, basi kimo cha boya kiko juu mno. Boya lenye ulimi wa chuma hurekebishwa kwa kuukunja ulimi huo kidogo sana. Boya la plastiki tupu halikunjwi, na hapo sindano ndiyo ya kuchunguzwa.

Huenda gasketi haijaharibika. Mpira ulioloweshwa na petroli huvimba, na huonekana mrefu kuliko mfereji wake. Uanikeni kivulini mpaka kesho, nao utapungua urudi. Msiukate wala kuupaka gundi, kwa sababu gundi nyingi huyeyuka ndani ya petroli na kwenda kuziba matundu madogo ya kabureta. Ukikauka ukiwa na nyufa au umekuwa mgumu kama kucha, nunueni mwingine.