Mtaa unaosifiwa ukaguliwe usiku
Ndugu, umeuliza kama ni busara kuhamia mtaa unaopendwa na vijana kwa mikahawa na muziki wake, ingawa kodi yake inazidi ile ya mitaa jirani. Kabla ya kutia saini mkataba, nenda ukasimame chini ya dirisha la chumba unachotaka kupanga Ijumaa usiku, kwa maana nyumba iliyo tulivu mchana huweza kupakana na baa ambayo spika zake hutikisa vioo hadi alfajiri. Soma pia kifungu cha kupandisha kodi, kwani mtaa ukishapata sifa wenye nyumba hawakawii kuongeza. Binafsi ningechagua mtaa wa jirani wenye usafiri wa uhakika, niende kwenye muziki kwa miguu na kurudi kulala.